Thelathini Haijafika

Saa tatu kamili asubuhi, magari ya waendao kazini yakishapita na barabara ikawa tayari kufungwa, Msimamizi alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi, akausogelea mlango wa stoo, akainama mbele ya kipimajoto. Kikosi kizima cha wachora mistari ya barabarani kilitega masikio. Kilikuwa kipimajoto cha kawaida tu, cha kioo, kimepigiliwa misumari miwili kwenye fremu ya mlango, na kwenye alama ya thelathini palichorwa mstari mwekundu. Joto likiugusa mstari ule, kabati la huduma ya kwanza linafunguliwa na chupa moja ya losheni ya jua inatolewa, watu kumi na mmoja wagawane. Lisipougusa, kabati halifunguliwi, na chupa zinabaki mle ndani kama wafungwa wa maisha.

"Ishirini na sita," alitangaza. "Thelathini haijafika. Pandeni gari."

Watu wakapanda. Mmoja akabaki chini.

"Bosi, naomba ya leo."

"Umekisikia kipimo?"

"Nimekisikia. Hicho kinapima joto. Mimi siunguzwi na joto, naunguzwa na mwanga."

Nyuma ya gari watu wakacheka. Mzee mmoja akatoa kichwa juu ya mapipa ya rangi. "Mwanga gani, dada, na mawingu haya? Mimi kivuli changu mwenyewe sijakiona tangu Jumatatu."

"Kimekukimbia kwa kelele zako," akamjibu bila kugeuka. Msimamizi alikwishaingia ofisini na kikombe chake.

Mwanamke huyo walimwita Ramani. Alipofika miaka ishirini na tisa ngozi yake ilianza kupoteza rangi kwenye ncha za vidole, kisha kuzunguka macho, kisha mdomoni, mabaka meupe yenye kingo kama za visiwa. Ndiyo maradhi yanayoitwa mbalanga, yasiyouma wala kuambukiza, ila yanayompa kila mpita njia ruhusa ya kukodoa macho. Wenzake hawakukodoa, walitania, jambo ambalo kwake lilikuwa afadhali. "Ramani, leo umeteka nchi gani?" Naye hujibu, "Nimevuka mpaka wa kidevu, shemeji, naelekea shingoni. Andaeni pasi za kusafiria." Wengine walisema rangi nyeupe ya barabara ndiyo imemwingia. Alicheka nao. Lakini asidhani mtu kwamba alisahau. Ramani hakuwa mtu wa kusahau. Miaka kumi na minne ya kikosi kile aliibeba kichwani siku kwa siku: nani alinyimwa glavu mwaka gani, nani aliambiwa buti zilizopasuka zinatosha mpaka masika yaishe, nani aliyeanguka kwa jua kwenye mzunguko wa soko akaandikiwa kwenye ripoti kwamba hakula asubuhi. Shule yake iliishia darasa la saba. Mengine alijisomea kwenye mabango, kwenye maandishi ya nyuma ya makopo, na kwenye magazeti ya kufungia brashi, ambayo hakuyatupa kabla hajayamaliza.

Kazi yake ilikuwa koni. Kikosi kikifika mahali, mtu wa kwanza kushuka ni yeye, na koni za rangi ya chungwa zikiwa juu ya bega lake la kulia, anatembea akiyatazama magari yanayomjia, anazipanga moja moja hadi kipande cha barabara kinakuwa chao. Ndipo yule mzee mwenye maneno, waliyemwita Kamba, anaposhuka na uzi wake wa chaki, anauvuta juu ya lami, anaupiga, mstari unatoka umenyooka. Ndipo mashine ya rangi inapofuata. Koni zisipopangwa hakuna anayeruhusiwa kukanyaga lami. Hiyo ilikuwa sheria, na cheti cha kuitekeleza kilikuwa na jina la mtu mmoja tu kikosini, kwa sababu kampuni ilimpeleka yeye kozini na ikaona uvivu kumpeleka mwingine.

Siku hiyo alizipanga. Alijipaka losheni kutoka chupa ndogo aliyopewa kliniki, akaipaka tena saa sita wakati wenzake wanakula, akaipaka tena saa nane. Jioni aliitikisa sikioni. Ilibaki ya siku tatu, na kliniki walimwambia nyingine haitapatikana mpaka mwezi ujao.

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba na sebule, na sebule nusu yake ilikuwa karakana. Mumewe alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa chini ya dirisha, juu yake sinia la magurudumu madogo kama mbegu za nyanya, na jichoni mwake lenzi nyeusi ambayo watoto waliiita jicho la baba la pili.

"Simama hapa penye mwanga kabla haujaisha," alisema alipomwona anaingia. "Nyanyua kidevu."

Alimshika kidevu kwa vidole viwili, kwa uangalifu uleule wa kushika saa ya mtu. Yeye ndiye aliyekiona kwanza. Miezi mitano nyuma, kwenye mdomo wa chini, pale palipopauka, palikuwa na kigaga kidogo kinachobanduka na kurudi. Ramani alisema ni homa tu. Kiliporudi mara ya tatu, mumewe aliitoa lenzi jichoni na kumwambia, "Mke wangu, saa ikisimama mara tatu mahali palepale, mimi siilaumu vumbi tena. Kesho unakwenda hospitali."

Alikwenda. Muuguzi wa kliniki ya ngozi, dada mfupi asiyepoteza maneno, alimtayarisha. Daktari akakata kipande kidogo cha mdomo. Baada ya wiki tatu majibu yakatoka.

"Si saratani," muuguzi alisema. "Ila ngozi hii imeanza kubadilika. Iko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Mama, nadhani unajua."

"Nataka kukusikia wewe."

"Kwenda kwenye saratani. Haijafika. Na inaweza isifike, ukiacha kuichoma."

Ramani alimpenda muuguzi yule tangu dakika ile. Akamuuliza kila kitu. Akaelezwa kwamba mabaka yake hayana ile rangi inayoikinga ngozi, kwa hiyo jua linaingia kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Kwamba mawingu yanapunguza joto na kukudanganya, lakini miale inayoharibu ngozi inapenya, mingi tu, na saa tatu hadi saa kumi ndiyo kali zaidi. Kwamba kofia ni lazima na mikono mirefu ni lazima, ila kofia haizuii mwanga unaorudi juu kutoka kwenye lami na rangi mpya. Kwamba losheni inapakwa robo saa kabla ya kutoka, inarudiwa kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi kwa mtu anayetoka jasho.

"Siku zipi?"

"Kila siku. Na nikisema kila siku sina maana ya siku ukikumbuka. Usemi wangu huo ushike kama unavyoshika kupiga mswaki."

"Na wenzangu, ambao ngozi zao ni nyeusi nzima?"

Muuguzi hakumdanganya. "Weusi wao ni mwavuli. Hawako kwenye hatari kama yako, wala usiwatishe kwamba wako sawa na wewe. Lakini mwavuli wenyewe ni mwepesi. Jua linawaunguza, linawatia madoa, linawazeesha, midomo inapasuka. Na hao wachache wanaopata vidonda vibaya huchelewa kuja, kwa sababu kila mtu alishawaambia kwamba mweusi hachomwi na jua."

Sasa, miezi miwili baadaye, mumewe aliirudisha lenzi mezani. "Hakijarudi. Pamepona vizuri. Lakini pembeni hapa pana wekundu wa leo."

"Chupa imebaki ya siku tatu."

"Na kabati la kazini?"

Ramani alikaa. Alivua buti la kwanza, akalishika mkononi bila kulivua la pili. "Kabati lile limefungwa kwa ajili yangu," alisema.

"Kivipi?"

Hakuwahi kumwambia. Mambo ya wengine aliyakumbuka kwa sauti. Hili alilikumbuka kimya. Miaka tisa nyuma kampuni ilileta katoni ya losheni ya jua kwa mara ya kwanza. Chupa zikawekwa juu ya pipa karibu na bomba, bila neno, zimeandikwa kwa lugha ambayo pale kikosini hakuna aliyeijua. Jioni moja Ramani alikuwa na rangi nyeupe iliyokauka kwenye kucha, ile isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Akaimimina losheni kiganjani, akasugua, na rangi ikalegea ikatoka kama ganda la yai. Akapiga kelele za furaha. Akawaita wote. Akawafundisha: kidogo kiganjani, sugua, futa kwa gazeti. Ndani ya siku sita kikosi kilikuwa na mikono safi kuliko ya makarani, na katoni nzima ikawa imekwisha bila tone moja kuingia usoni mwa mtu. Msimamizi alipogundua alifoka mpaka mate yakamkauka, katoni iliyofuata akaifungia kabatini, akachora ule mstari mwekundu.

Mumewe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, hadi naye Ramani akashindwa.

"Usicheke, baba watoto. Nikidai, hilo ndilo atakalonitupia."

"Atakutupia. Wewe utafanya nini?"

"Nitalidaka."

Siku tatu zikaisha. Siku ya nne, mawingu yalikuwa mazito ya kijivu, upepo wa baridi, watu wamevaa masweta chini ya vizibao vya kung'aa. Rangi ilikwishakorogwa, mashine imeoshwa, gari linanguruma. Msimamizi akatoka na kikombe.

"Ishirini na nne. Thelathini haijafika. Pandeni."

Ramani alikuwa amekaa juu ya rundo la koni zake, katikati ya lango la yadi.

"Wewe, shuka hapo."

"Sishuki. Koni hazitoki leo mpaka kabati lifunguliwe."

Gari likazimwa. Dreva akachungulia dirishani kwa uso wa mtu aliyeletewa sinema bila kiingilio.

"Unajua barabara ya leo ni ya mbele ya shule?" Msimamizi alisema. "Unajua tumepewa mpaka saa tisa?"

"Najua. Ndiyo maana tungeanza kujipaka sasa hivi."

"Ramani. Nisikilize. Kuna baridi. Mimi mwenyewe nimevaa sweta."

"Njoo nikuonyeshe kitu, Bosi. Hatua kumi tu."

Alimwongoza hadi ukutani, palipokuwa na koni za akiba zimepachikwa moja juu ya nyingine, rundo lililoletwa jipya mwanzoni mwa miezi ya baridi na halijaguswa tangu hapo. Ramani mwenyewe alikuwa ameligundua jana yake, akitafuta koni ya kubadilisha iliyopasuka, na usiku wake alilala vizuri. Akaichomoa koni ya juu kabisa, akaiweka chini. Ilikuwa imepauka, rangi ya embe lililooza. Akaichomoa ya pili. Ilikuwa chungwa kali linalowaka, isipokuwa ukanda wa chini uliokuwa umechungulia nje. Huo ulikuwa umepauka kama ya kwanza, na mpaka kati ya sehemu mbili ulionekana kama uliopigwa uzi wa Kamba.

"Zililetwa siku moja," alisema. "Kiwanda kimoja. Tangu zije, kitabu chako cha kipimo kinasemaje? Kuna siku ngapi za thelathini?"

Msimamizi akaitazama koni.

"Hakuna hata moja. Mimi nilikuwepo kila asubuhi, nakumbuka. Miezi mitatu hukufungua kabati, kwa sababu jua halikuwepo. Basi nani kaila hii koni? Panya?"

Nyuma yao watu walikuwa wameshuka garini, wamesogea. Mmoja aliinama akaipangusa koni kwa kidole, kama anayetafuta unga ulioipaka.

"Koni ni plastiki," Msimamizi alisema. "Mtu ni mtu. Usilinganishe."

"Silinganishi. Plastiki ikichakaa mnaagiza nyingine. Mdomo wangu mtauagiza wapi? Na hicho kipimo unakisoma saa tatu, Bosi, kisha unaingia ndani. Saa saba sisi tuko wapi? Nani anatusomea?"

Uso wa Msimamizi ukabadilika. Akaiweka chai yake juu ya pipa taratibu, na Ramani akajua inakuja.

"Sasa tuseme yote. Hawa wageni hawajui, lakini mimi na wewe na Kamba tunajua. Katoni ya kwanza ilikwenda wapi? Nani alimimina losheni ya kampuni kunawia mikono? Nani aliwafundisha watu? Mimi niliandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya katoni ile. Mpaka leo iko kwenye faili langu. Nimechora mstari kwa sababu yako, halafu leo unanikalia langoni!"

Hata dreva aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Ni mimi," Ramani alisema.

Msimamizi alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

"Ni mimi. Nililigundua mimi, nikawafundisha mimi, na nilifurahi. Barua yako sikuijua, na hiyo nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Lakini na wewe jibu moja. Ulipoziweka juu ya pipa kando ya bomba, ulituambia ni za nini?"

"Zimeandikwa."

"Kwa lugha ya nani? Ulituambia, Bosi? Glavu ulituambia. Buti ulituambia. Ya mashine mlileta mtu mwenye suti akatuhutubia siku mbili, na soda juu. Hii ya ngozi zetu mkaiweka penye bomba kama sabuni, tukaitumia kama sabuni. Mimi nilikosa siku sita. Ninyi mmenifungia miaka tisa. Kipi kilicho kirefu?"

Msimamizi alitazama saa yake, akatazama lango, akatazama ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa simu ya makao makuu, na watu wa namna hiyo wameshawaumiza wengi kuliko wabaya. Akamsogelea, akashusha sauti.

"Sikia, dada yangu. Wewe una cheti cha hospitali. Nitakupa chupa yako, ya kwako peke yako, kila mwezi, tusifanye kelele. Au nikuhamishie stoo. Kivulini. Utakaa, utagawa brashi, mshahara uleule. Unataka nini zaidi?"

Hapo ndipo moyo ulipomteleza Ramani. Kivulini. Alikiona kiti, alikiona kivuli, aliuona mdomo wake ukipona kwa amani na mumewe akiacha kumkagua kila jioni. Lilikuwa jambo jema, na lilikuwa mbele yake, na mtu mzima mwenye watoto wawili hana haki ya kulidharau. Kisha akakumbuka. Akamkumbuka yule wa glavu, aliyepewa zake peke yake kimyakimya na akanyang'anywa kimyakimya msimamizi alipobadilika. Akakumbuka yule aliyehamishiwa stoo kwa huruma na mwaka uliofuata stoo ikapunguzwa watu. Kitu ulichopewa pembeni hakina shahidi.

"Nataka iingie kwenye ukaguzi wa asubuhi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Buti, kizibao, kofia, losheni. Kila mtu, kila siku, kabla ya kupanda gari, na chupa moja iende nasi barabarani. Sitaki ya kwangu peke yangu. Leo ni mimi kwa sababu ya mabaka. Hawa wakiunguzwa na wao nani atawapa cheti, wakati kila mtu anawaambia hawaungui?"

"Mimi kweli siungui," Kamba alisema.

Watu wakamgeukia. Mzee yule alikuwa na uzi wake wa chaki mkononi, nao amekwishaufungua nusu.

"Kamba, si sasa," mtu alinong'ona.

"Niacheni niseme. Mimi siungui, au naungua sijui, shingo yangu imeshakuwa buti la zamani, haina habari. Na mafuta ya uso nayaona ni ya maharusi. Hilo sijabadilisha." Akaanza kuuzungusha uzi kwenye kibao chake, polepole, mzunguko kwa mzunguko. "Ila miaka kumi na moja nimeinama kwenye lami, makalio nimeyaelekezea magari. Sijawahi kugeuka kutazama nyuma hata mara moja. Mnajua kwa nini? Kwa sababu koni zimepangwa na huyu. Akienda stoo, mimi nani atanilinda? Wewe, Bosi? Na kikombe chako?"

Kicheko kilitoka kwa mtu mmoja, kisha kwa wote, na hata Msimamizi pembe ya mdomo ilimsaliti.

"Kwa hiyo bila koni zake, uzi wangu hautoki." Kamba akautia uzi mfukoni, akakaa juu ya koni iliyopauka. Haikumudu uzito wake, ikajikunja, akakaa hivyohivyo kwa heshima zote.

Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro robo. Simu ya ofisini ililia ikanyamaza, ikalia tena. Msimamizi aliingia, wakamsikia akisema "ndiyo, mzee" mara nne na "hapana, mzee" mara moja, na ile "hapana" ilichukua muda mrefu kutoka. Alipotoka alikuwa na ufunguo.

Kabatini mlikuwa na chupa tisa. Ramani akazigeuza moja moja kutafuta tarehe; mbili zilikuwa zimepitwa na wakati, akaziweka kando. "Hizi mbili," alisema, "leteni kucha zenu." Wakacheka. Kisha akawapanga mstari.

Hakuwaachia wajipake wanavyojua. Aliwakagua kama watoto wa chekechea. "Umejipaka paji tu, unadhani jua lina miadi na paji? Masikio. Nyuma ya shingo. Mgongo wa mkono, kisha uvae glavu. Mdomo, ndiyo, mdomo, usinitazame hivyo, hutakufa. Wewe umepaka kama unaonja chumvi, ongeza." Kijana wa mashine alitoka na uso mweupe kama aliyeangukia unga, akaambiwa asugue. Kamba alisimama mwisho wa mstari na kidevu juu.

"Ukiwaambia watu wa nyumbani kwangu," alisema huku akipakwa shingo, "nitakanusha."

"Nyamaza, kuna mkunjo hapa wa miaka ya themanini, nauzibua."

Msimamizi alikuwa amesimama pembeni. Ramani akamnyooshea chupa. Akaitazama, akatazama sweta lake, akapokea tone dogo la mfano, akajipaka puani. Haikutosha, na alimwambia haitoshi.

Walitoka saa nne na nusu. Mbele ya shule walikimbizana na saa kama wendawazimu, na vivuko viwili vikakamilika saa tisa kasoro dakika tano, vyeupe, vimenyooka. Saa sita na nusu Ramani aliita, "Zamu ya pili!" na watu wakalalamika, na wakajipaka.

Ikafuata wiki iliyokwenda vizuri. Karatasi mpya ya ukaguzi ilibandikwa ukutani, na losheni ilikuwa mstari wa nne, kwa kalamu, kabla makao makuu hawajachapisha. Lakini chupa saba kwa watu kumi na mmoja, wanaojipaka sawasawa, mara tatu kwa siku, si chupa nyingi. Siku ya tano Ramani alimwambia Msimamizi aagize. Siku ya saba akamkumbusha. Siku ya nane akaambiwa agizo liko mezani kwa mtu. Siku ya tisa jioni alikata chupa ya mwisho kwa kisu cha kukatia kamba, wakakwangua kuta zake kwa vidole.

"Kesho itakuwaje?" kijana wa mashine aliuliza.

"Kesho tutakuja kazini," alisema.

Siku ya kumi kulinyesha manyunyu tangu alfajiri. Mumewe alimkagua mdomo mlangoni badala ya dirishani, akasema pako safi, akamfungia kamba ya kofia chini ya kidevu. Saa tatu kamili gari lilikuwa linanguruma, rangi imekorogwa, na Ramani amekaa juu ya koni zake katikati ya lango. Pembeni yake Kamba, na kiti alichokileta kutoka nyumbani safari hii. Nyuma yao wengine, wote tisa, wamejikunyata kwenye vizibao vyao.

Msimamizi alitoka. Hakwenda kwenye kipimajoto. Alisimama mlangoni akawatazama muda mrefu, manyunyu yakiingia kwenye chai yake.

"Ramani, lakini kunanyesha."

"Nimeona, Bosi. Piga simu."

Kisha akageuka ndani, na kupitia dirishani wakamwona akiinua mkono wa simu, akibonyeza namba, akingoja. Safari hii hakusema "ndiyo, mzee" hata mara moja. Alisema, "Koni hazijatoka. Hapana. Hapana, sikilizeni ninyi kwanza."

Ramani akajisogeza vizuri juu ya rundo. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na siku nzima ilikuwa yao.